Kwa Despina, Saa Mbili Asubuhi

Tulifika saa moja na nusu, tukaambiwa dakika arobaini.
Mvulana wa mlangoni aliniandika kwenye kidude chake
bila kuuliza jina linaandikwaje,
ndiyo maana baadaye akaita, "Avidi! Avidi, watu wawili!"
na mimi, Arvid Lindqvist, nikanyamaza
nikimsikitikia huyo Avidi, zamu inampita.

Mackinaw, Julai. Ukungu umelifunika daraja hadi kiunoni.
Foleni imelizunguka duka la peremende:
wazazi wenye kofia mpya zenye jina la mji,
watoto wenye njaa wakilamba kioo cha dirisha.
Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, husemwa.
Hapa kibaya kimekaa tu, kimefunga aproni;
sisi ndio tunaotembezwa.

Meza ilikuwa na unyevu wa waliotangulia.
Idella, dada yangu, aliifuta kwa leso,
kisha akaifuta leso kwa leso nyingine.
Ndivyo alivyo tangu ana miaka saba.

Kahawa ilikuja na rangi ya chai,
chai ikaja na rangi ya dirisha.
Mayai niliyaomba kiini kiwe laini;
nikaletewa kitu cha mraba.
Sijawahi kumwona kuku wa pembe nne,
lakini dunia ina mambo. Nikala pembe moja.
Chapati za maji zilikuwa moto kingoni, barafu katikati,
kama ziwa lenyewe mwezi wa nne.
Na shira, ile shira ya mti iliyomiminwa kutoka jagi la bati,
sasa imo kwenye kikopo kisichozidi kidole gumba.
Cha pili, senti sabini na tano.

"Kila kitu sawa hapa?" akauliza mhudumu,
akiwa ameshatupa mgongo.
"Kizuri sana," tukajibu kwa pamoja,
kama watoto wa kanisani.
Mwaka jana tulijibu hivyo. Mwaka juzi pia,
na viazi vilikuwa vibichi.
Nimewahi kumgombeza fundi bomba, daktari wa meno, hata mchungaji,
lakini mbele ya yai baya nanywea.

Idella akanikanyaga mguu.
"Tazama kaunta. Kiti cha mwisho."

Thanasi.
Aliyekaanga mayai nyuma ya dirisha lile miaka thelathini na mmoja,
aliyejua kwamba mama yetu hataki pilipili manga
na baba yetu anapenda kingo ziungue kidogo.
Aliuza mkahawa baada ya kumzika mkewe.
Wanunuzi walibaki na kibao cha jina,
wakabaki na picha ya Despina ukutani,
anacheka, mikono imezama kwenye unga hadi kiwikoni.
Vingine vyote wakavibadilisha.

Mbele yake, sahani ileile. Yai lilelile la mraba.
Alilifunua kwa uma, polepole,
kama mwalimu mstaafu anayesoma barua yenye makosa
na hana tena kalamu nyekundu.
Kisha akala. Lote.
Akapangusa sahani kwa ukoko wa mkate.

Sikujizuia, nikamwendea.
"Mzee, wewe? Hapa? Chakula hiki?"
Akafikiri, shavu moja limejaa.
"Kibaya," akasema. "Kibaya mno.
Nyumbani napika vizuri. Lakini nyumbani nikikaa mezani
naangaliana na jiko. Hapa nikikaa..."
Uma ukaelekea ukutani. Hakumaliza.
Halafu, kwa ukali wake wa zamani:
"Na mwambie dada yako aache kufuta meza,
anawaaibisha hawa wasichana."

Tulilipa dola arobaini na mbili.
Bakshishi tukaacha kubwa kuliko kawaida yetu,
sijui tulikuwa tukimlipa nani.

Nje, foleni ilikuwa imefika njia ya kivukoni.
Mwanamke mwenye kofia mpya akanishika mkono:
"Kukoje humo? Kunastahili kungoja?"
Ukungu ulikuwa umeshuka hadi magotini mwa daraja.
Idella alinikazia macho.
"Agiza tosti," nikamwambia,
"na uombe kukaa upande wa kaunta."