Tui la Tatu

Harusi ya Mwanamkasi ilikwisha kwa siku tatu;
deni lake lina mwezi wa kumi na saba.
Waliokula biriani washanawa mikono.
Sisi bado twaila.

Mtungi wa gesi uliuzwa, seredani ikarudi.
Nazi moja hukamuliwa mara tatu,
tui la tatu jeupe kwa jina tu,
mbaazi zaogelea humo na kuonana.
Chai ni ya mkandaa.
Hiliki twainusa kwa jirani.

Baba hutoka Mwembe Tayari kwa miguu,
avuke daraja la Nyali, hadi Kisauni,
na nauli aliyoitembea
huiangusha koponi kabla hajavua viatu.

Nyuma ya mlango, kwa chaki:
Turubai, imefutwa.
Viti, vimefutwa.
Mzee Badi, mchele: elfu nne.

Jana Mzee Badi naye akafutwa.
Mama akanunua nazi mbili Kongowea,
akakuna, akakamua, tui zito likashuka.
Kisha akatia maji kwenye chicha,
akakamua.
Akatia tena.

"Mama, deni limekwisha."

"Najua," akasema, hakuinua kichwa.
"Iambie hii mikono."