Hawana Viwiko

Perusi amenirudishia muswada unanuka vitunguu,
sura ya kumi na moja ameikunja pembe,
na kando kaandika kwa penseli:
"Hawa watu wako hawana viwiko."

Tangu saa nne usiku nimekaa nao, hapa Chang'ombe,
Yudesi wangu na Sogoti wangu,
nasoma upya nilichowafanyia.
Yudesi nilimpa kiuno cha nyigu,
nikasahau ana miaka arobaini na saba,
kazaa watatu, na kila msimu wa zabibu kule Mpunguzi
kreti huegemea kiuno hichohicho.
Sogoti nilimfanya simba. Fundi pampu, simba!
Nikawasha moto, nikaleta radi, nikaleta bahari.
Bahari, Dodoma,
ambako hata maji ya kunawa huja kwa zamu.

Nikafuta moto. Nikafuta radi.
Bahari ilinishinda kidogo, maana nilikuwa nimeipenda.
Nikaifuta.

Wakabaki wawili chumbani, taa inawaka,
wananitazama kama wanavyonitazama watu masjala, Mtumba,
nikiwaambia faili lao halionekani.

Basi nikaanza na mikono.
Sogoti ana grisi chini ya kucha.
Ananawa uani kwa sabuni ya mche na kopo moja la maji,
anasugua, anachungulia vidole, anasugua tena.
Yudesi, mlangoni, anamwona anavyosugua
na anajua.
Sikuongeza neno.

Kitanda kinapiga kelele
na ng'ambo ya ukuta kuna mpangaji mwenye kikohozi, halali.
Wakashusha godoro, mmoja kichwani mmoja miguuni,
kama watu wanaohama nyumba,
likakwama kwenye kabati.
Hapo wakacheka. Sikuwapangia kucheka.

Fundo la khanga likagoma.
"Ngoja. Unakaza badala ya kulegeza."
Kiwiko cha Sogoti (Perusi, hiki hapa)
kikalalia nywele zake.
"Samahani."
"Sogea."
"Hapa?"
"Hapo. Polepole, hujaja kuzibua bomba."

Kisha akauliza kama azime taa.
Kalamu ikasimama.
Miaka sita Yudesi hajaonwa na mtu,
si tumbo lenye michirizi kama udongo wa Bahi baada ya mvua,
si kovu la mkasi wa zabibu gumbani,
nami siwezi kumjibia.
Nikanywa chai iliyopoa. Nikahesabu kurasa.
"Iache," alisema mwishowe,
"ila usinikodolee."

Sasa jambo ambalo sikutaka kuliandika.
Chumba cha pili amelala mume wangu, Ndahani.
Miaka kumi na tisa huniuliza, "Umechoka?"
na uchovu siyo anaouulizia.
Neno hilo ni letu, halijawahi kutoka nje ya chandarua.
Nimeliiba.
Nimempa Sogoti, akaliweka shingoni mwa Yudesi, chini kabisa,
ambapo sauti huwa pumzi,
na Yudesi akasema, "Sijachoka,"
akamvuta.

Yaliyofuata yalikuwa mistari kumi na mmoja.
Nimebakiza mitatu:
kisigino kinachotafuta mahali pa kukanyaga,
jina lililokatika katikati,
mkono wake Yudesi ukiongoza ule wa mwenzake
bila haya na bila haraka,
kama anayemwonyesha mgeni njia ya kwake.

Saa tisa bomba likakohoa uani.
Kwa muda sikujua kama ni la Yudesi au langu.
Ndahani akatoka na msuli, macho nusu, ndoo mbili mkononi.
"Maji hayo. Bado unaandika?"
"Bado."
"Wamefika wapi?"
Sikumjibu. Nikashika ndoo ya tatu.
Gizani, tukigombea mdomo wa bomba,
kiwiko chake kikanipiga ubavuni.
Akasema samahani. Nikasema sogea.

Nimerudi mezani, vidole vibichi, karatasi inalowa,
naandika hasa mahali palipouma.