Namrudishia Bisimwa Kitabu Chake

Nimekimaliza, Bisimwa. Siku tisa,
umeme ukija na kuondoka kama mgeni asiyetaka kulala,
nikisoma jikoni, sombe likichemka,
ndiyo maana ukurasa wa arobaini una doa la mawese.
Nisamehe.

Ulinikopesha ukisema, "Utalia."
Nilikisoma kwa Kifaransa, nikakicheka kwa Kiswahili,
na mahali pamoja tu nililia kwa Mashi,
tena si pale ulipopiga mstari kwa kalamu nyekundu.

Niseme kwanza kilichonipendeza, nisije nikaitwa mchoyo:
baridi. Mwandishi huyu anaijua baridi.
Anselmu anapovaa soksi mikononi
akingoja basi la saa kumi ya usiku
aende kusugua sakafu za watu asiowahi kuwaona,
niliinuka nikafunga dirisha,
Bukavu hii, mwezi wa saba, vumbi tupu nje.
Na pale anapohesabu pesa mara tatu kabla ya kutuma,
akijinyima nyama ili nyumbani wadhani amenenepa,
nilimfikiria Zihindula, kaka yangu,
picha zake zote mbele ya magari yasiyo yake.

Lakini huku nyumbani, Bisimwa!
Huku nyumbani tumegawiwa kurasa saba.
Saba, katika mia tatu na ishirini.
Mama yake Anselmu ana jiko moja, kitenge kimoja, na kikohozi.
Hana jirani anayemdai. Hana hasira.
Anakaa mlangoni miaka kumi na tisa
kama kiti walichosahau kukiingiza ndani.
Kisha simu inalia, anakufa humo ndani ya simu,
na msiba wote unabaki kwa mwana,
kule kwenye theluji, ameegemea mashine ya kufulia.

Nani alimwosha yule mama?
Nani aliazima viti? Nani alibishana na seremala
juu ya bei ya jeneza?
Nilirudi nyuma, nikidhani nimeruka ukurasa.

Sisi tulimzika mama Jumanne.
Mvua ilikuwa imekata njia, huku kwetu Kadutu,
tukapitisha jeneza katika ua wa watu,
na mwenye ua, kwa upole kabisa,
akatuomba tusikanyage lengalenga zake.
Mimi ndiye niliyeshika simu juu ya kaburi
ili Zihindula aone.
Mkono ukachoka, nikabadilisha mkono.
"Inua kidogo," akasema, "naona miguu ya watu."
Nikainua.
Udongo wa kwanza sikuuona, Bisimwa.
Nilikuwa natazama kioo, nikichunga mtandao usikatike.

Ningeandika mimi, ningeanzia hapo, kwenye huo mkono,
na Anselmu ningempa kurasa zake saba.

Sasa, nilipolia.
Ukurasa wa mia mbili na kumi na moja, sentensi moja tu,
mwandishi anaipita mbio kana kwamba ana basi la kuwahi:
Anselmu anamtumia mama yake viatu
kwa kipimo anachokikumbuka,
na mama anasema kwenye simu, "Vimenitosha."
Basi. Hakuna zaidi.
Sijui kama mwandishi mwenyewe alijua alichokiandika.
Miguu ya mama yangu ilikuwa imevimba miaka minne.
Kila Noeli, namba thelathini na saba.
Kila Noeli, "Vimenitosha, mwanangu, Mungu akuzidishie,"
na maboksi yakipanda juu ya kabati hadi kwenye bati.

Nitashuka kesho mpaka Nyawera kukuletea kitabu,
nimevaa pea moja katika zile.
Vinanibana kwenye kidole kidogo.

Usiniulize kama ni kizuri. Ni kizuri.
Ila ninakidai.
Na kama mwandishi huyu ana kingine, niwekee,
sijamaliza kugombana naye.