Sahani ya Mizani

Nilitumwa Igombe kukagua mizani, si ndege.
Kazi yangu ni gramu: nani anampunja nani
kwenye dagaa, na kwa kiasi gani.
Bi Nkwimba akaniletea ya kwake bila wasiwasi,
magamba yakimwaka mikononi hadi viwikoni.
Sahani ya mawe ni bati la dukani.
Ile ya dagaa nikaigonga kwa ukucha,
ikalia kwa sauti nisiyoijua,
nyembamba, ndefu, kama iliyozoea nafasi.

Alumini. Ukingoni, ribiti kumi na tisa,
vichwa vimezamishwa sawasawa na bati
ili upepo usipate pa kushika.
Nani huku anamhofia upepo
kwenye sahani ya dagaa?

Umeitoa wapi?
Kwa mama mkwe.
Na yeye?
Alikuwa akiwanyweshea bata.

Kabla ya bata ilikuwa kiraka cha paa la jiko.
Kabla ya jiko, Lugata, babu wa mume,
aliinunua Ukerewe kwa madebe mawili ya makopa
kwa mtu aliyeinasa usiku kwenye wavu,
akadhani ni mamba,
akapiga mayowe hadi kijiji kikaja na mapanga.

Jumamosi nikarudi, siku isiyo ya serikali,
na mafuta ya taa na mswaki mkuukuu.
Masizi yakatoka. Chini ya masizi, kijani cha jeshi.
Chini ya kijani, nyeupe, na juu ya nyeupe
ukanda wa buluu, mwembamba kama kidole.
Kumbe alikuwa raia kabla ya kuandikishwa askari.
Na kwa nyuma, zimegongwa kwa nyundo ndogo, tarakimu:
nne, moja, saba,
na ya mwisho imesuguliwa mchanga na majivu
kila jioni kwa miaka thelathini:
tatu, au nane.

Niliandika barua nne. Moja ikajibiwa.
Malimi Bugumba, karani mstaafu wa stoo uwanjani,
mwandiko wake umeinama kama mtu apandaye mlima,
alikuwa na daftari la kale lililookolewa kwenye moto wa takataka.
Akaninakilia mistari miwili.

4178: imeuzwa, imevunjwa vipuri. Hakuna aliyeumia.
4173: imezama, magharibi ya Kome, hali ya hewa mbaya.
Rubani, jina lake na la baba yake.
Mifuko ya barua sita, uzito umeandikwa hadi wakia.
Boi mmoja.

Nikausoma mstari ule nimesimama.
Barua zilipimwa.

Nikampelekea Bi Nkwimba habari zote mbili.
Akailowesha ncha ya kidole, akaipitisha
juu ya tarakimu, akarudia, macho ameyafumba.
"Mimi nikimpimia mtu nusu, ananirudishia.
Wewe unaniletea namba nusu
unataka nikuambie kama mtu alikufa?"
Akacheka. Kisha akaacha kucheka.
Tangu siku hiyo, nimesikia,
haisugui tena kwa mchanga. Anaifuta kwa khanga.

Ilibaki kazi iliyonileta.
Nikaweka mawe yangu. Sahani ile ni nyepesi mno:
gramu arobaini alikuwa akijipunja mwenyewe
kila kilo, kila mteja, tangu aolewe.
Hakukasirika. Alisema, "Basi wengi wamekula."

Nikayeyusha risasi kidogo, nikaibandika chini,
mizani ikasimama, sindano ikatulia.
Sheria inataka muhuri.
Bati lilibakiza nafasi moja tambarare,
pembeni mwa ile tatu, au nane.
Nikashika nyundo, mkono ukasita.
Nikagonga mwaka, na alama yangu.

Atakayeiokota baadaye, ikiwa kiraka tena,
au chombo cha bata,
atauliza hii namba mpya ni ya ndege gani.
Nami jina langu halimo.