Kibete Naye Ana Wake

Usiku wa kiza, hapa Igombe, hatulali watu wawili:
Bi Nyanjige anayengoja mitumbwi irudi na dagaa,
na mimi ninayengoja picha ishuke
kwa bando la usiku, lile la bei ya chini.

Mwezi ukipevuka wote tunakula kwa mkopo.
Yeye, kwa kuwa dagaa hawaifuati taa tena;
mimi, kwa kuwa ninachokitafuta ni hafifu
kuliko weupe wa anga lenyewe.

Unatafuta nini? aliniuliza siku moja, anachambua.
Nikamwambia: kuna galaksi kibete, mama, imekaa peke yake,
haina jirani mkubwa wa kuivuta sikio,
miaka ya nuru milioni kumi na moja kutoka uani kwako.
Nataka kujua kama nayo ina vitoto.
Akacheka mpaka akaweka ungo chini.
"Na hicho umekisomea miaka mingapi?"

Hesabu inasema viwepo.
Maada giza, inasema, huganda madonge madonge,
donge na vidonge vyake,
kama uji uliokorogwa na mwenye haraka.
Lakini hesabu haijakesha na skrini hadi saa tisa.

Nilianza na alama tisa.
Ya kwanza, vumbi la kioo.
Ya pili na ya tatu, nyota ya karibu imemwaga mwanga kando.
Ya nne ni jitu la mbali kabisa huko nyuma,
limejikunja likawa dogo
kama mdaiwa anayepita mbele ya duka.
Ya tano ilitoweka nilipobadili rangi.
Ya sita niliifuta Jumanne, na roho iliniuma,
maana nilikuwa nimeshaipa jina.

Bibi yangu alizaliwa Ukara.
Mwalimu wetu alisema: Ukara, kisiwa kidogo
kando ya Ukerewe. Nukta. Akafuta ubao.
Nilipomsimulia, bibi alisonya.
Akanihesabia kwa vidole majiwe yaliyozunguka kwao,
lile la mti mmoja, lile la minandi kukausha mbawa,
lile linalozama masika na kurudi kiangazi,
kila moja kwa jina lake,
na ramani ya shule haikuwa na hata moja.
"Sisi nasi tuna vyetu," alisema.
Sikuandika yale majina. Nilikuwa na miaka minane.

Leo asubuhi dagaa wametandazwa mwambani, wanang'aa.
"Zimebaki ngapi?"
Tatu. Labda mbili.
Bi Nyanjige anajaza sado, anaongeza konzi ya juu
ambayo mteja hakuiomba.
"Andika mbili. Mbili si haba."

Nikaandika mbili, na alama ya kuuliza.
Wingu likachomoza upande wa Ukerewe,
tukaacha yote, tukakimbilia dagaa,
mikono minne, kabla tone la kwanza halijaanguka.