Santuri Isiyo na Jalada

Jalada lililiwa na mchwa; hatukujua ni akina nani.
Fundi Akwilini aliinunua kwa fungu, siku vitu vya misheni vilipouzwa,
pamoja na redio mbovu mbili na pasi ya mkaa.
Akaifuta kwa pindo la shuka, akatia betri sita mpya.
Nachingwea, msimu wa korosho, saa nne usiku.

Kwanza ukimya unaokwaruza.
Kisha gitaa.

Nyuzi zimelegezwa hizo, alisema Akwilini,
na kweli, mwenyewe alizishusha
mpaka sauti ikatoka tumboni, si kooni:
noti tatu tu, zinaburuta mguu
kama mtu aliyebeba gunia na hataki kutuliwa.
Mwingine angeongeza ya nne.
Yeye alizirudia, akazirudia,
mpaka ya tatu tukaiogopa kabla haijafika.

Besi haikumfuata nyuma kama mtoto.
Ilipita pembeni, ikachungulia, ikatangulia hatua, ikarudi.
Na ngoma!
Nanguka, aliyepigia sindimba vijiji vyote vya huku,
akaweka chini kikombe cha uraka:
Huyu anachelewa makusudi.
Pigo linaegemea nyuma ya wakati wake,
mlango mzito unaojifunga wenyewe.

Mwimbaji hatukumwelewa hata neno.
Sauti nyembamba, kali, peke yake juu ya mzigo ule,
mwewe juu ya shamba linaloungua.
Mke wa Akwilini akauliza, wanagombana na nani?
Hakuna aliyejibu. Tulikuwa tunatikisa vichwa.

Baba yangu alikaa mlangoni.
Ujana wake aliumalizia kwenye mataruma,
reli ya kutoka Mtwara, ya karanga ambazo hazikuota.
Akaitandaza. Miaka michache baadaye akaajiriwa kuing'oa,
kwa mtaimbo uleule,
na chuma kikaenda zake, hakuuliza wapi.

Wimbo wa nne ulipoanza akasimama.
Inakuja, alisema.

Katikati, betri zikachoka.
Sahani ikapunguza mwendo, gitaa likazidi kuzama,
noti tatu zikawa tani tatu,
na hapo, naapa, ndipo ilipokuwa tamu kuliko kote.
Akwilini akanyoosha mkono azime.
Baba akaushika.
Mwache afunge breki, alisema, yuko kona ya mwisho.

Tukangoja.
Ikasimama.