Tisa kwa Kumi na Sita

Tepu ya harusi ya Mwanshamba, mwaka tisini na saba,
Makorora, uwanda wa nyuma, taa moja ya kukodi.
Picha ni nne kwa tatu, pana kama sinia,
watu wamejaa hadi ukingoni.

Mwanawe ameniandikia kutoka Maskati:
"Fundi, isimamishe. Nataka ijae kwenye simu.
Na uing'arishe, iwe safi kama za siku hizi."

Isimamishe. Neno jepesi hilo.
Nikiivuta juu, bwana harusi anakuwa nguzo ya umeme
na sinia la pilau linageuka yai.
Nikiiacha ilivyo, weusi unakaa juu na chini:
nyumba ya ghorofa tatu, wapangaji wa katikati tu.
Nikiuziba weusi kwa ukungu wa picha ileile,
wengi ndivyo wafanyavyo,
naona nimepaka poda ukuta wenye ufa.

Basi nikate.
Kinachobaki hakifiki nusu ya mapana.
Bibi harusi yupo, na hina yake hadi viwikoni.
Mpiga dufu wa kushoto amebaki mkono,
wa kulia amebaki sauti.
Tanga, waja leo waondoka leo.
Sikujua kuwa hata ndani ya fremu.

Na huko kung'arisha:
mistari mia tano sabini na sita
naitaka ifike elfu moja na mia tisa na ushei.
Kompyuta haina pa kuitoa, inakisia.
Imempa shangazi kope asizowahi kuwa nazo,
imemfuta bwana harusi kidoti cha shavuni.
Nimeirudisha chini.
Afadhali chenga za kweli.

Dakika ya kumi na moja, pembeni kabisa,
mlangoni, nje kidogo ya mwanga,
mwanamke anajifuta jasho kwa upindo wa kanga.
Haitazami kamera. Anamtazama bibi harusi.
Kisu changu kinampitia begani.

"Huyu nani?" nimeuliza.
"Simjui. Mkate."
Ila usiku imeingia sauti ya Mwanshamba mwenyewe,
amevuta pumzi kwanza, nyuma yake kuna jiko linachemka:
"Huyo Saumu wa Pongwe.
Alikuwa hapendi picha.
Ile taa… ile taa alilipa yeye."

Akanyamaza. Jiko likaendelea.

Nimepiga alama mbili kwenye mstari wa muda.
Fremu inamwacha bibi harusi,
inasogea kushoto polepole, pikseli kwa pikseli,
inapita mkono wa dufu, inapita birika,
inafika mlangoni. Sekunde nne.
Halafu inarudi.
Mpiga picha wa siku ile hakugeuza shingo;
nimemgeuzia mimi.

Asubuhi Maskati imelalamika:
"Fundi, mbona hapa katikati harusi inapotea?"

Nimemjibu bei ni ileile.